Shaba ya Kilembe na Kazi ya Ini

Askari aliyepata kupangiwa kazi Kasese anaujua mto Nyamwamba. Mto huo hushuka kutoka milima ya Rwenzori, hupita katika bonde la Kilembe, hukata mji wa Kasese na kuishia ziwa George. Kandokando yake yamelala mabaki ya mgodi uliotoa shaba tangu mwaka 1956 hadi 1982: zaidi ya tani milioni 15 za mawe yaliyosagwa, ambayo bado yana shaba na kobalti. Mafuriko ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020 ambayo yaliivamia hata hospitali ya Kilembe, yalimomonyoa kingo na kuyasomba mabaki hayo kuelekea mabondeni. Ni haki basi wakazi, na askari wanaolinda huko pamoja na jamaa zao, waulize shaba hufanya nini inapoingia mwilini.

Yapasa ifahamike kwanza kwamba shaba si sumu tupu. Mtu mzima huhitaji miligramu moja au mbili kila siku, na mwili wake wote una kiasi cha miligramu 100 tu. Shaba ya chakula ikishanyonywa na utumbo, damu huipeleka moja kwa moja kwenye ini. Hapo chembe hai za ini, yaani seli, huipokea kama mlinzi wa lango ambaye papo hapo ni mtunza ghala. Sehemu hukabidhiwa protini maalumu isafirishwe mwilini. Sehemu huwekwa akiba. Na ziada husukumwa ndani ya nyongo, itoke kwa njia ya choo. Njia ya kutokea ni hiyo ya nyongo, karibu peke yake. Ikiziba, shaba hurundikana, huunguza seli kutoka ndani, seli hufa, na makovu huchukua nafasi yake hata ini likawa gumu.

Mambo haya yalifahamika kwa kuwachunguza watu wachache waliozaliwa na kasoro. Mwaka 1912 daktari Kinnier Wilson wa London alieleza ugonjwa wa kurithi unaoharibu ini na ubongo pamoja. Baadaye ilidhihirika kwamba chanzo chake ni shaba, na mwaka 1993 watafiti wakaipata jeni yenyewe, ile inayotengeneza pampu ya kuisukuma shaba nje ya seli. Tiba ya kwanza ya kumeza iliyofaa, dawa inayoikamata shaba na kuitoa kwa njia ya mkojo, ilitangazwa na daktari John Walshe wa Uingereza mwaka 1956, mwaka ule ule ambao Kilembe ilianza kutoa shaba na reli ikafika Kasese.

Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, kwa kuwa ini lao halijaweza bado kuitoa shaba vizuri. Katika Tyrol, nchini Austria, watoto 138 walikufa kwa ugonjwa wa ini kati ya mwaka 1900 na 1974. Walikuwa wakinyweshwa maziwa yaliyopikwa katika vyombo vya shaba visivyopakwa bati, ingawa yaelekea walikuwa pia na udhaifu wa kurithi. Vyombo vilipobadilishwa, ugonjwa ukatoweka. India nayo iliyaona mambo kama hayo.

Huko Kilembe, watafiti walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa awali wa udongo, mboga, vumbi la nyumbani, maji ya kunywa na kucha za miguu za wakazi. Madini yalionekana kuzidi katika baadhi ya vitu hivyo, na katika baadhi ya maji kobalti ilikuwa nyingi mno. Lakini ukucha huonyesha kilichoingia mwilini tu. Hauelezi hali ya ini. Kwa hilo hapana budi damu ya watu ipimwe, wa bondeni na wa mbali, kwa miaka kadhaa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji. Tena isisahauliwe kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Maji yakipungua kwa mvuke, madini huzidi kukolea.

Hata hivyo, si kila askari mwenye macho ya manjano atakuwa amedhuriwa na shaba. Adui wakubwa wa ini katika Uganda ni virusi vya homa ya ini aina ya B, pombe kali, na sumu ya kuvu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Virusi hivyo hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo askari wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kinga hiyo utotoni. Mtu mzima hupimwa damu kwanza, na akionekana hana virusi, huchanjwa mara tatu katika muda wa miezi sita.