Kiazi, Saa ya Kula, na Sukari Iliyomo Damuni

Wako watu wasemao ya kuwa kiazi ulaya ni chakula kisicho na nguvu, na wako wengine, hasa wale waliopatwa na ugonjwa wa kisukari, wakiogopao kama sumu. Pande zote mbili zimekosa jambo.

Mwaka 1995 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney, nchini Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walipima vyakula 38. Kila chakula kilipakuliwa kwa kiasi chenye nguvu sawasawa, na walaji wakaulizwa kila dakika 15, kwa muda wa saa mbili, kama wangali wameshiba. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikavishinda vyote, hata nyama na samaki. Wala si ajabu, kwa maana karibu sehemu nne katika tano za kiazi ni maji. Sahani hujaa, na tumbo nalo hujaa.

Lakini shibe ni jambo moja, na sukari ni jambo jingine. Wanga wa kiazi cha moto huvunjika upesi ukawa sukari, nayo huingia damuni. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari njia ya kuingia katika viungo vya mwili. Kwa mgonjwa wa kisukari kazi hiyo haiendi sawasawa, na sukari hubaki damuni. Kiazi kilichopondwa laini huipandisha upesi zaidi. Kilichochemshwa kikaachwa kupoa huipandisha kidogo kuliko hicho, maana sehemu ya wanga wake huwa ngumu kuvunjika. Mama wa Nyeri atiaye maharagwe na majani ya maboga katika mukimo wake hufanya vyema, kwani hayo hupunguza mwendo wa sukari. Chipsi ni habari nyingine: mafuta huongeza nguvu ya chakula zaidi ya mara mbili, na mlaji hatambui.

Saa ya kula nayo ina neno lake. Mwili hupokea sukari vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku. Sahani ile ile, ikiliwa usiku, huipandisha juu zaidi, tena hukawia kushuka. Hata hivyo wengi hunywa chai tupu asubuhi, wakashinda na njaa kutwa, kisha usiku wakala kwa pupa kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema limetosheka. Yafaa kugawanya chakula hicho, sehemu kubwa iliwe mchana.

Lakini mgonjwa atumiaye insulini au vidonge vya kisukari asibadili saa zake za kula pasipo kumwuliza daktari. Akikosa chakula baada ya dawa, sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Aonapo dalili za kwanza, naye yu macho na aweza kumeza, apewe mara moja maji yenye sukari.