Unga Mweusi na Kutu: Tujue Tunachopaka



Magereji ya Juba yana mafundi wengi wanaosema Kiswahili, na malori yanayopanda kutoka Nimule, kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012, hufika springi zikilia na nati zimeganda. Dawa inayosifiwa ni unga mweusi: grafiti, au molibdeni disalfaidi. Unateleza kweli, wala haushiki vumbi kama oili. Lakini kulainisha chuma ni kazi moja na kukikinga na kutu ni kazi nyingine, na wengi wetu tumeambiwa ni kazi ile ile.

Aliyewahi kupasua betri ya tochi amekiona kijiti cheusi cha kaboni katikati, na kopo la zinki nje. Betri ikitumika, zinki huliwa, kijiti hubaki kizima. Grafiti nayo ni kaboni. Ukiipaka kavu juu ya chuma au aluminiamu, kisha maji yakaingia, umeunda betri ndogo ndogo, na kinacholiwa ni bolti yako. Ndiyo sababu mafundi wa ndege hukatazwa kuchora aluminiamu kwa penseli: ule weusi wa penseli ni grafiti.

Ajabu ni kwamba grafiti yenyewe huhitaji unyevu kidogo ndipo iteleze. Molibdeni disalfaidi hupenda ukavu. Ikikaa katika hewa ya majimaji hubadilika polepole na kutoa asidi ya salfa, yaani asidi ile ile ya betri ya gari. Na hapa kwetu mvua huanza Aprili ikaenda hadi Oktoba, mbali na matishari ya bandarini ambayo hayakauki kamwe.

Unga ukichanganywa katika grisi nzuri hatari hupungua sana, kwa kuwa grisi huzuia maji. Wa kuogopwa ni unga mtupu, au utando wake mwembamba wenye vitundu visivyoonekana.

Bolti ikikatika njiani, wa kwanza kuulizwa ni fundi, na pengine mshahara wake hukatwa. Tunadai maandishi ya kopo yasomwe kwa lugha tunayoielewa, na grisi itolewe kwa sehemu zinazolowa. Kabla ya kumkata mtu mshahara, bolti itazamwe kama imeliwa na kutu. Ndugu fundi, vipande vyake usivitupe. Vifunge kwenye kitambaa kikavu umletee mwakilishi wako.