Mbwa wa pili: Tiba ya upweke au mzigo maradufu?

KILA asubuhi, pindi wazazi wanapotoka kwenda kazini na watoto kuabiri basi la shule, kilio huanza katika nyua nyingi za viunga vya miji nchini. Ni kilio cha mbwa aliyeachwa peke yake.

Si kule kubweka kwa ukali kunakomtisha mwizi, bali ni mlio mrefu unaopanda na kushuka hadi majirani wakaanza kunung'unika. Jioni mwenye mbwa hurejea na kukuta viatu vimetafunwa, bustani ya sukuma wiki imefukuliwa na mlango umekwaruzwa.

Hapo ndipo humjia wazo kwamba mnyama huyo anahitaji mwenzake. Wengi hukimbilia kununua au kuomba kilebu, yaani mtoto wa mbwa, wakiamini kwamba wawili hao watafarijiana na utulivu utarejea.

Wakati mwingine huwa hivyo. Lakini mara nyingine, miezi michache baadaye, boma huwa na mbwa wawili wanaolia badala ya mmoja, gharama huwa zimeongezeka, na hatimaye mmoja wao hutupwa barabarani.

Tofauti kati ya matokeo hayo mawili hutegemea swali ambalo wachache hujiuliza mapema: je, mbwa wa kwanza anakosa nini hasa?

Chanzo cha upweke

Mbwa ametokana na mbwa-mwitu wa kale wa Ulaya na Asia, wanyama wanaoishi na kuwinda kwa makundi. Ameishi na binadamu kwa angalau miaka 14,000, na katika muda huo mrefu amezoea kumtegemea mwanadamu kwa chakula, ulinzi na uandani. Ndiposa kukaa pekee mchana kutwa si jambo jepesi kwake.

Nchini Kenya, mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi tu. Hufungiwa kibandani au hufungwa kwa mnyororo mchana, hufunguliwa usiku, na humwona mwenyewe wakati wa kuletewa ugali pekee. Mbwa wa aina hii hakosi rafiki tu. Hana matembezi, hana mchezo wala mafunzo.

Kumletea mwenzake katika hali hiyo ni sawa na kuongeza mfungwa wa pili katika chumba kimoja cha jela. Shida ya kwanza hubaki palepale, na sasa huwa na wahasiriwa wawili.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kwa muda wa wiki mbili au tatu, mwenye mbwa anaweza kumtembeza asubuhi na jioni, kumfundisha amri chache kama vile kuketi na kungoja, na kumwachia mfupa mkubwa mbichi au kitu kingine salama cha kutafuna wakati wa mchana. Iwapo kilio na uharibifu vitapungua, jibu litakuwa limepatikana bila ya kuongeza mdomo wa kulishwa.

Aidha, ni muhimu kumpeleka kwa daktari wa mifugo, hasa ikiwa tabia yake imebadilika ghafla. Maumivu ya viungo, magonjwa yanayosambazwa na kupe, au uzee vinaweza kumfanya mbwa ajitenge, alie usiku au akasirike upesi. Mnyama mgonjwa hatibiwi kwa kuletewa mgeni wa kumsumbua.

Anamlilia nani?

Hata mbwa mwenye afya na mazoezi ya kutosha anaweza kulia anapoachwa. Hapa kuna jambo linalowapotosha wafugaji wengi: si kila mbwa mpweke anayemtamani mbwa mwenzake. Kuna wanaomlilia mtu.

Mbwa wa namna hiyo humfuata mwenyewe kila anakokwenda, huanza kuhangaika anapomwona akivaa viatu au kushika funguo, na hulia punde lango linapofungwa. Hata akiwa na mbwa wengine watano, pengo la yule mtu halizibiki. Isitoshe, mgeni anaweza kuiga wasiwasi huo naye akajifunza kulia.

Dawa ya mbwa huyu ni kumzoesha kuachwa kidogo kidogo: dakika moja, kisha tano, kisha nusu saa, bila ya shamrashamra wakati wa kuondoka wala wa kurudi. Ni kazi inayohitaji subira.

Kwa upande mwingine, kuna mbwa wanaopenda wenzao kwa dhati. Njia nyepesi ya kuwatambua ni kumtembeza mbwa pamoja na mbwa wa jirani au jamaa, mradi wote wawili wamechanjwa na wamefungwa kamba. Akilegeza mwili, akatikisa mkia kwa utulivu na kuinamisha kifua huku makalio yakiwa juu, anaomba mchezo. Akikakamaa, akakodoa macho na kusimamisha manyoya ya mgongoni, huenda anapendelea kuishi peke yake.

Zoezi hilo lirudiwe mara kadhaa, na kwa mbwa zaidi ya mmoja, kabla ya uamuzi wowote kufanywa.

Fahali wawili zizi moja

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na usemi huo una mashiko hata katika ufugaji wa mbwa. Kwa kawaida dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi kuliko wawili wa jinsia moja. Majike wawili wakishaanza uhasama, ugomvi wao unaweza kuwa mkali na wa kudumu.

Umri nao una uzito. Mbwa mzee mwenye maumivu ya miguu hatafurahia kilebu anayemng'ata masikio siku nzima. Kwake, mwenzi mtu mzima na mtulivu ni bora. Kwa mbwa kijana mwenye nguvu, mwenzi anayekaribiana naye kwa umbo na uchangamfu hufaa zaidi, kwani mchezo kati ya mbwa mkubwa na mdogo sana unaweza kuleta majeraha.

Wengine huona ni busara kuchukua vilebu wawili wa tumbo moja kwa wakati mmoja. Wataalamu wengi wa tabia za mbwa huonya dhidi ya jambo hilo. Ndugu hao wanaweza kushikamana kupita kiasi, wakapuuza mafunzo ya binadamu na kuingiwa na hofu kila wanapotenganishwa. Ni heri mbwa wa kwanza awe amekomaa na kufunzwa vyema kabla ya wa pili kuletwa, maana mgeni ataiga anayoyaona, mema na mabaya.

Hesabu ya uzazi

Ikiwa mfugaji atachagua dume na jike, kuna hesabu asiyopaswa kuisahau. Jike huweza kupata joto mara ya kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi sita na 12, na baada ya hapo takriban kila miezi sita. Mimba huchukua siku 63 hivi. Mbwa hawajali udugu. Kaka na dada huzaa pamoja bila ya kizuizi.

Jike akizaa mara mbili kwa mwaka, vilebu watano kila mara, boma lililoanza na mbwa wawili litakuwa na 12 kabla ya mwaka wa pili kuanza. Wengi wa vilebu kama hao hugawiwa ovyo au hutupwa karibu na masoko na majaa, ambako hugeuka kuwa mbwa koko.

Hapo suala la nyumba moja huwa la taifa zima. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu kila mara hufariki. Mkakati wa kitaifa ulioanzishwa mwaka wa 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo nchini kufikia mwaka wa 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kila kilebu anayetupwa bila ya chanjo hulisogeza lengo hilo mbali.

Kwa hivyo, ni vyema mbwa wote wawili wahasiwe au wafungwe kizazi na daktari wa mifugo kabla ya kuachwa pamoja. Asiye tayari kugharamia upasuaji huo hayuko tayari kufuga dume na jike.

Mfuko na majirani

Mbwa wa pili hali mabaki ya wa kwanza. Chakula, chanjo ya kila mwaka ya kichaa cha mbwa, kinga dhidi ya maradhi mengine hatari ya mbwa, dawa za minyoo na za kupe, vyote huongezeka maradufu. Dawa za minyoo si jambo la kupuuzwa, kwani kuna tegu wa mbwa anayesababisha uvimbe wa maji katika ini na mapafu ya binadamu, maradhi ambayo yamewatesa sana wakazi wa Turkana.

Nafasi pia izingatiwe. Kila mbwa anahitaji mahali pake pa kulala na chombo chake cha chakula. Mpangaji hana budi kupata idhini ya mwenye nyumba, na katika kaunti zenye sheria za kudhibiti mbwa, kama vile Nairobi, masharti ya leseni yafuatwe. Kumnyima mnyama chakula au maji na kumtesa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama.

Majirani nao wana haki zao. Mbwa wawili wakitoka nje huchocheana, na yule aliyekuwa mpole akiwa pekee anaweza kukimbiza kuku, mbuzi au hata watoto. Katika maeneo yenye Waislamu wengi, hasa Pwani, ifahamike kwamba wafuasi wa madhehebu ya Shafi huona mate ya mbwa kuwa najisi, hivyo ua imara ni sehemu ya ujirani mwema.

Siku ya kukutana

Baada ya kuyapima hayo yote, mwenye kuridhika anaweza kutafuta mwenzi. Jijini Nairobi, shirika la KSPCA, linalotetea wanyama, huwapa makao mapya mbwa waliookolewa, na humo mnaweza kupatikana mbwa watu wazima ambao tabia zao zinajulikana. Popote anapotoka, mgeni akaguliwe na kuchanjwa kwanza.

Wasikutanishwe langoni mwa nyumba, kwa kuwa mwenyeji hulinda himaya yake. Ni bora wakutane uwanjani, kila mmoja akiwa na mtu wake na kamba yake, watembezwe upande mmoja huku wakisogezwa karibu polepole. Ndipo waingie bomani pamoja.

Kwa wiki za mwanzo walishwe kando kando, wasiachwe pamoja bila ya mtu kuwaangalia, na kila mmoja apewe muda wake na mwenyewe. Mwenyeji akinguruma asipigwe, kwani hiyo ni lugha yake ya kuonya. Anayenyimwa kunguruma huenda akauma bila ya onyo. Wakipigana, mtu asitie mkono kati yao bali awamwagie maji. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini mara moja.

Wawili wanaopatana, wenye afya na wanaotunzwa vyema, ni furaha kwa boma zima. Lakini iwapo mwenye mbwa hana hata nusu saa kwa siku ya kukaa na yule wa kwanza, hawezi kuipata ya wa pili. Katika boma kama hilo, mwandani anayesubiriwa uani si mbwa mwingine, bali ni yule anayerejea jioni akiwa na ufunguo wa lango.