Mkanda Kwanza, Bastola Baadaye

Mwanafunzi mpya akija kwenye uwanja wa shabaha, simuulizi amenunua bastola gani. Namtazama kiunoni. Wengi wanaokuja kwangu ni wafanyabiashara, wanunuzi wa dhahabu na wenye vituo vya mafuta, watu wenye leseni zao wanaotembea na fedha za mauzo. Bastola wameinunua kwa mamilioni, kisha wameichomeka tu kwenye suruali, inashikiliwa na kitambi.

Kwa hiyo naanzia kwenye mkanda mgumu na mfuko unaoziba kifyatulio chote. Chukua Glock, ambayo jeshi la Austria liliipokea mwaka 1982 na leo iko mikononi mwa polisi wa nchi nyingi. Kwa kawaida haina kitufe cha usalama cha kuwasha na kuzima kwa kidole gumba. Ina vizuizi vitatu vinavyojiendesha vyenyewe, na vyote vitatu huachia kifyatulio kikivutwa. Kimevutwa na kidole, na funguo za gari au na kamba ya jaketi, kwa bastola yote ni mamoja.

Ndiyo maana naogopa zaidi kuirudisha bastola kuliko kuitoa. Unapoitoa huenda una haraka ya kweli, unapoirudisha huna. Inua shati, hakikisha mfuko hauna kitu ndani, nyoosha kidole ubavuni mwa bastola, ndipo uishushe polepole. Wanaofanya mbwembwe za sinema hapa nawarudisha mwanzo.

Kisha huja swali lile: "Afande, niweke risasi kwenye chemba au niiache tupu?"

Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, yaani kama mita 6.4, anaweza kukufikia kwa takriban sekunde 1.5. Ni muda uleule anaouhitaji mpigaji aliyefunzwa kutoa silaha na kulenga risasi mbili. Aliyefunzwa, bosi wangu, siyo wewe wa jana. Chemba ikiwa tupu itabidi ukoki, na kukoki kunataka mikono miwili, wakati mkono mmoja huenda unakizuia kisu au umembeba mtoto. Kwa hiyo anayebeba ili ajilinde, mwisho wake ni risasi kwenye chemba. Lakini nasema mwisho. Mwanafunzi wangu hubeba chemba tupu mpaka nione kidole chake kinakaa nje ya kifyatulio bila kukumbushwa, hata akiwa amechoka na ninamfokea. Wakufunzi wengine wananipinga, na tumezoea kubishana.

Watu huona haya kuuliza habari za choo. Usiitundike bastola kwenye msumari wala kuiweka juu ya tangi la maji, utaisahau. Iache ndani ya mfuko wake, uufunge mkanda magotini, mdomo wa bastola ukielekea mbali na mwili wako. Na siku ya harusi yenye bia, silaha ilale kwenye kasiki nyumbani. Hapo sina mjadala.

Sheria nayo haikupi uhuru wote unaoudhani. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18, inakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kuizuia hatari. Mwizi aliyekwisha geuka anakimbia amekupa mgongo si hatari ileile ya dakika iliyopita, na hakimu atakuuliza risasi iliingilia upande gani.

Ukishalazimika kufyatua, na mshambuliaji hawezi tena kukudhuru, rudisha bastola kwenye mfuko, piga simu 112 na useme umevaa nguo gani. Askari watakaofika hawakujui. Wataona tu mtu mwenye silaha amesimama karibu na aliyelala chini.