PAMPU YA JOTO NA SUALA LA UMILIKI: MAFUNZO KUTOKA DENMARK

Katika nchi za baridi, joto la nyumba si anasa. Mzee asiyeweza kulilipia wakati wa majira ya baridi huugua, na wengine hufa. Kwa hiyo anayemiliki chanzo cha joto ana mamlaka juu ya maisha ya watu. Kwa miaka mingi chanzo hicho kimekuwa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na moshi wake umechangia sana hewa ya ukaa inayoipasha dunia joto. Madhara ya hali hiyo humpata pia mkulima wa Afrika, ambaye hajawahi kuwasha boila maishani mwake. Ndiyo maana suala hili linamhusu kada wa Chama.

Katika makala hii tutaeleza pampu ya joto ni nini, na kwa nini chombo hiki kimeenea mahali fulani na kukwama mahali pengine.

Pampu ya joto ni nini?

Kwa kawaida joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji yanavyoteremka mlima. Ukitaka maji yapande, huna budi kuyasukuma kwa pampu. Ndivyo ilivyo kwa joto. Friji huchota joto la ndani na kulitoa nje. Ukigusa nyuma yake utalihisi. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa kazi: huchota joto la hewani, ardhini au baharini na kuliingiza nyumbani.

Ndani ya mabomba yake huzunguka kimiminika kinachochemka hata kwenye baridi kali. Kinapochemka hunyonya joto la nje na kuwa mvuke. Mashine ya umeme huushindilia mvuke huo mpaka ukapata moto sana. Kisha mvuke huliachia joto lake kwenye maji au hewa ya nyumba, hurudi kuwa kimiminika, na mzunguko huanza upya. Umeme hapa hautengenezi joto, bali hulihamisha. Kwa sababu hiyo kipimo 1 cha umeme huweza kuleta vipimo 3 vya joto au zaidi. Umeme huo ukitokana na upepo, maji au jua, nyumba hupata joto bila moshi.

Kwa nini haikuenea mapema?

Ujuzi huu si mpya. Jengo la baraza la jiji la Zürich, Uswisi, liliwekewa pampu ya joto mwaka 1938, ikichota joto kutoka mto Limmat. Kilichokosekana si ujuzi. Pampu hugharimu fedha nyingi siku ya kuinunua, na boila hugharimu kidogo. Mfanyakazi asiye na akiba hununua boila, kisha huilipia gesi mwaka hata mwaka. Mwenye nyumba ya kupangisha naye haoni sababu ya kununua pampu, kwa kuwa bili ya gesi hulipwa na mpangaji. Na kampuni ya gesi hupata faida kwa kuuza gesi, si kwa kuipunguza. Soko likiachiwa lijiendeshe lenyewe haliwezi kuuondoa ukinzani huu.

Mfano wa Denmark

Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, Tanzania iliumia, na Denmark iliumia pia. Karibu sehemu 9 katika 10 za nishati ya Denmark zilitokana na mafuta. Magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani siku za Jumapili. Lakini nchi hiyo haikuishia kwenye kubana matumizi. Mwaka 1979 ilitungwa sheria ya ugavi wa joto. Halmashauri zilipewa kazi ya kupima mahitaji ya kila eneo na kupanga mabomba ya pamoja ya maji ya moto. Vyombo vinavyogawa joto hilo, vingi vikiwa mali ya halmashauri au ushirika wa watumiaji, hutoza gharama halisi tu, havitafuti faida.

Leo takriban theluthi mbili za kaya za Denmark hupata joto kwa mabomba hayo. Chanzo kikibadilika, kaya zote zilizounganishwa hubadilika pamoja. Katika mji wa Esbjerg, kituo cha makaa ya mawe kilifungwa mwaka 2024. Miongoni mwa mitambo iliyochukua nafasi yake ni pampu za megawati 70 zinazochota joto kutoka maji ya bahari, kwa ajili ya kaya zipatazo 25,000. Hakuna mama wa nyumba aliyelazimika kukopa ili anunue mtambo wake.

Upungufu wake

Hata hivyo tusiupambe mfano huu. Kwa miaka mingi mabomba hayo yalibeba joto la makaa, na hadi sasa kuni huchomwa kwa wingi, nyingine zikiagizwa kutoka nje. Tena, mwaka 2022 nyumba karibu 400,000 zilikuwa bado na boila za gesi, na bei ya gesi iliporuka, wenye nyumba hizo walibeba mzigo mzito.

Mafunzo

Denmark si nchi ya kijamaa. Lakini katika jambo hili ililitoa hitaji la lazima kwenye mikono ya wenye kutafuta faida, ikaliweka chini ya mpango. Kwanza, basi, chombo kipya hakileti mabadiliko chenyewe. Huyaleta pale umma unapokuwa na uwezo wa kuamua. Pili, gharama ya mwanzo ikiachiwa mtu mmoja mmoja, mnyonge ndiye hubaki nyuma. Tatu, mpango bila kujikosoa hugeuka mazoea. Kada anayeletewa mtambo wowote mpya na ajiulize kwanza: nani atalipa, na nani ataumiliki?