Mzee mwenye ugonjwa wa moyo apimwe na kumbukumbu

Leo naongea hasa na wewe unayeishi na mzazi ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri, hapa Observatory, Yeoville, Bez Valley au popote ulipo. Miguu inavimba, analalia mito mitatu, akipanda ngazi za ghorofa anahema. Hayo unayajua. Swali langu ni lingine: dawa zake anazihesabu nani?

Nauliza kwa sababu katika kazi yangu ya uuguzi, nyumbani na huku, nimesikia familia nyingi zikisema mzee ni mbishi, hataki dawa. Mara nyingi si ubishi. Amesahau kama amekunywa, au amekunywa mara mbili. Tafiti nyingi zinakadiria kwamba kati ya robo na nusu ya wazee wenye tatizo hili la moyo wana upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kupanga mambo. Ubongo unapata damu kidogo. Moyo unaopiga bila mpangilio hutengeneza mabonge ya damu yanayoweza kuziba mishipa ya kichwani. Na presha ya miaka mingi ikiharibu moyo, haiuachi ubongo salama.

Tatizo hili la moyo si geni hapa. Katika utafiti wa Heart of Soweto, kati ya wagonjwa wapya wa moyo 1,593 wa mwaka 2006 katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, 704 walikuwa nalo.

Sasa angalia tunachomwambia mgonjwa huyu: jipime uzito kila asubuhi, ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 njoo kliniki, punguza chumvi, meza dawa nne au tano kwa saa zake. Hiyo ni kazi ya karani! Tunampa mtu ambaye hatujawahi kumpima kama anaiweza.

Kipimo cha kuanzia ni chepesi. Kinachoitwa Mini-Cog huchukua kama dakika 3: mzee anapewa maneno matatu ayashike, anachora uso wa saa na mishale yake, kisha anayarudia yale maneno. Alama ni 5. Akipata chini ya 3 anahitaji uchunguzi zaidi.

Hapo pana mtego kwetu sisi Waswahili. Muda unaotumika sana ni ule ambao Waingereza wanauhesabu kumi na moja na dakika kumi. Ukimtafsiria neno kwa neno mzee aliyekulia Dar au Mombasa, atakuchorea alasiri, mshale kwenye 5, na ataandikiwa kosa wakati akili yake ni nzima. Mwambie saa tano na dakika kumi asubuhi, na mweleze nesi jinsi tunavyohesabu saa. Na wewe mkalimani, tafadhali usimnong'oneze majibu. Najua ni huruma, lakini unamficha mgonjwa.

Kwa mzee ambaye hakusoma shule, kuchora saa si haki. Watafiti waliofanya kazi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014, kisichodai kusoma wala kuandika: kutaja wanyama kwa dakika moja, kupanga njiti za kiberiti, kukumbuka maneno, kujua leo ni siku gani. Muulize daktari kama anakifahamu.

Akipata alama ndogo usikimbilie kusema amerogwa, wala kwamba ni uzee tu. Upungufu wa damu, sodiamu kushuka, tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, VVU, sonona, masikio yasiyosikia, hata dawa ya mafua inayoleta usingizi: vyote huvuruga akili, na vingi vinatibika. Apimwe akiwa ametulia, si siku anayohema. Lakini akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hiyo ni dharura. Piga 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Wengine mnaogopa kliniki. Mwaka 2025 kundi la Operation Dudula lilizuia wageni kwenye kliniki kadhaa za jiji hili. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ililiamuru liache. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya. Usiache mzee akakosa tarehe yake.

Siku ya kwenda, beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na mitishamba na zile zilizotumwa kutoka nyumbani kwa basi. Omba zipunguzwe mara za kumeza kwa siku kama inawezekana. Nunua kile kiboksi cha dawa chenye vyumba vya siku saba, ukijaze mwenyewe kila Jumapili, na mzani uwe karibu na kitanda chake.