Unaenda Garissa na kamera? Soma hii kwanza

Andika "Garissa" kwa Google, kisha enda upande wa mapicha. Utakutana na magari za jeshi, mizoga ya ng'ombe wakati wa ukame, na chuo kikuu siku ile mbaya. Sasa uliza msee amezaliwa Bulla Iftin kama huo ndio mji anaujua. Atakucheka.

Noma si kamera. Noma ni nani ameishika, na alikuja lini. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 370, na maripota wengi huikata hiyo safari kukinuka tu. Wakirudi, walichobeba ndicho kinabaki mtandaoni.

Lakini picha pia inaweza kurudishia watu heshima. Aprili 2, 2015, magaidi waliua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mapicha za miili zikaanza kuzunguka. Wakenya wakajibu na #147notjustanumber, kwa sababu hesabu wakati huo ilikuwa 147. Waliposti wale vijana wakiwa hai: wakicheka, wamejipanga na mabeshte, wamevaa poa. Namba ikageuka kuwa watu.

Halafu 2017, dunia nzima ikaona twiga mweupe na mtoto wake pale Ishaqbini, kusini ya kaunti. Kwa mara moja jina la Garissa likatrendi bila bunduki. Kwa bahati mbaya, Machi 2020 hifadhi ilitangaza kuwa mama na mtoto wameuawa na majangili. Kwa hivyo ukipiga mnyama adimu, weka picha lakini usiweke mahali yuko.

Sasa rada yenyewe, kama unataka mapicha fiti:

Omba kwanza. Mzee ni "adeer", mama ni "hooyo", dada ni "abaayo". Salamu kwanza, kamera baadaye. Soko la mifugo, ukiona dalali na mnunuzi wameshikana mikono chini ya kitambaa, hapo bei inaongewa kwa vidole ndio wengine wasijue. Ni picha kali, lakini ni siri ya biashara ya mtu. Uliza.

Arusi ina pande mbili. Kwa wanawake kuna hina, diraac na buraanbur, na wameachilia nywele. Mwanaume haingii na simu mara nyingi hazitakiwi. Ndio maana dame anayejua kamera ana kazi ambayo hakuna boy atamnyang'anya. Na akishapiga, hizo faili ni za bibi arusi, si za Instagram.

Chunga lenzi. Kambi za jeshi na vituo vya polisi ni maeneo yanayolindwa kisheria, usijaribu. Daraja la Tana linavutia, lakini ongea na askari kabla ya kutoa simu.

Sheria iko. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data, na sura yako ni data. 2023, klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake.

Kuhusu mwanga, Garissa iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua hupanda haraka. Ikifika saa tatu asubuhi, nyuso zote zina kivuli kibaya. Amka na swala ya alfajiri, ama subiri saa kumi na moja jioni, wakati vumbi la ngamia linageuka dhahabu mpaka adhana ya magharibi.

Na kama wewe ni wa huko, usingoje ripota. Anza na kitu hakuna mhariri atamtuma mtu kupiga: ayeeyo wako akimimina chai ya maziwa ya ngamia, asubuhi ya kawaida tu.

Lakini hata yeye, muulize kwanza.